Vitabu vya Kiyahudi: namba ya dunia nzima au namba ya nyumbani?

Chukua Pasaka. Wayahudi siku zile hawali chachu, na usiku wa kwanza familia inakaa mezani inasoma Hagada, kale kakitabu kanakosimulia kutoka Misri, kanasomwa huku watu wanakunywa divai na kula mboga chungu, ndo maana Hagada iliyotumika miaka mingi utaijua tu, kurasa zina madoa ya divai na makombo ya ule mkate mkavu yamenasa kwenye mshono. Sasa ingia maktaba inayotumia namba za Dewey, zile za kupangia vitabu kwenye shelfu kwa mada, uulizie vitabu vya Pasaka. Hagada yenyewe utaelekezwa 296.45371. Kitabu kinachoelezea sikukuu na taratibu zake kiko 296.437. Cha mapishi ya Pasaka hakipo hapo kabisa, kiko 641.5676 huko kwenye mapishi, upande mwingine wa jengo. Cha watoto chenye picha unaweza kukikuta 394.267 pamoja na sikukuu za watu wengine wote duniani. Na ukitaka ufafanuzi wa kitabu cha Kutoka, ambako habari yenyewe ya Pasaka imeandikwa, nenda 222.12 kwenye Biblia. Meza ni moja, usiku ni mmoja, ila msomaji anazungushwa shelfu tano.

Hapo ndo ulipo mvutano wa wakutubi wa maktaba za Kiyahudi, Marekani na Jerusalem hasa, na umeshamaliza miaka mia na zaidi. Je, mkusanyiko wa vitabu vya Kiyahudi upangwe kwa sistimu za dunia nzima, yaani Dewey au ile ya Maktaba ya Bunge la Marekani ambayo wakutubi wanaiita LC kwa kifupi, au utengenezewe sistimu yake inayofuata elimu ya Kiyahudi inavyojipanga yenyewe? Mi sio Myahudi, lakini nimekatalogi vitabu vya dini kwenye maktaba ya chuo kwa miaka kadhaa, vingi vya Kiislamu, yaani nimeishi kwenye 297 ambayo ni jirani wa ukuta mmoja na 296 ya Wayahudi, na nikwambie kweli, wanachokilalamikia nakielewa mpaka kwenye vidole vyangu vilivyokuwa vinabandika zile stika.

Melvil Dewey alitoa mpango wake mwaka 1876, alikuwa anafanya kazi maktaba ya chuo cha Amherst kule Massachusetts. Akaigawa elimu yote ya binadamu mafungu kumi, dini ikapewa 200. Sasa angalia ndani ya hiyo 200: 220 ni Biblia, 230 mpaka 280 ni Ukristo, alafu dini zote zilizobaki duniani zikakusanywa kwenye 290. Humo ndo kuna 296 Uyahudi, 297 Uislamu, na ukikaribia mwisho, 299.6, unakuta dini za asili za Afrika. Matokeo yake sio heshima tu, kuna kazi ya mikono pia. Ukristo umepewa nafasi pana kwahiyo namba zake ni fupi, Uyahudi wote umebanwa kwenye tarakimu tatu kwahiyo kila kitu kinachofuata lazima kipite nyuma ya nukta, 296.12 maandiko ya Talmudi, ile mijadala mikubwa ya marabi juu ya sheria, 296.125 Talmudi ya Babeli, 296.16 kabala, elimu yao ya siri, 296.18 sheria, 296.8332 Wahasidi, moja ya makundi yao, na kadri unavyozama namba inarefuka mpaka kwenye mgongo wa kitabu chembamba haitoshi, unaikata mistari mitatu, na msomaji mzee anainama na miwani yake kutafuta tofauti ya tarakimu ya tano na ya sita. Kwenye maktaba ambayo nusu tu ya vitabu ni vya Kiyahudi hilo linavumilika. Maktaba ya sinagogi ambayo karibu kila kitabu kinaanza na 296, hizo tarakimu tatu za mwanzo hazina kazi yoyote tena.

Kuna watu wanamleta Dewey mwenyewe kwenye mjadala, na ni haki yao. Huyu bwana alikuwa na klabu yake ya mapumziko, Lake Placid Club, ambayo sera yake ilikuwa Wayahudi hawapokelewi, si kama wanachama si kama wageni. Mwaka 1905 Wayahudi mashuhuri wa New York wakapeleka malalamiko, maana wakati huo Dewey alikuwa mkutubi mkuu wa jimbo, analipwa kwa kodi za watu walewale anaowafungia mlango, bodi iliyomsimamia ikamkemea hadharani na mwisho akaachia cheo. Mwaka 2019 chama cha wakutubi wa Marekani kikaliondoa jina lake kwenye medali yao. Hizo habari ni za kweli na zina uzito wake. Lakini mi sidhani kwamba 296 ilitokana na chuki yake. Alipanga vitabu alivyokuwa navyo mbele yake, na shelfu za chuo cha Kikristo mwaka 1876 ndo zilivyokuwa, Biblia na teolojia tele, vya wengine vichache mwishoni. Kosa kubwa zaidi lilikuja baadae, mpango wa shelfu za chuo kimoja ukafanywa ramani ya dunia nzima na maktaba za kila bara zikaupokea hivyohivyo, za kwetu zikiwemo.

Sasa twende kwenye kitu ambacho mimi naona ndo kiini, kuliko hata hiyo habari ya nafasi. Ni mpangilio.

Biblia ya Kiebrania ina vitabu 24 katika mafungu matatu, Torati, Manabii, Maandiko, na mpangilio huo wenyewe ni mafundisho. Danieli kwa Wayahudi hayumo kwenye Manabii, yumo kwenye Maandiko. Mambo ya Nyakati ndo kitabu cha mwisho kabisa, kwahiyo Biblia yao inafungwa na Koreshi anawaruhusu watu wapande kwenda Yerusalemu. Dewey anafuata mpangilio wa Agano la Kale la Wakristo, Nyakati iko 222.6 katikati ya vitabu vya historia, Danieli iko 224.5 kati ya manabii. Alafu kuna zile Megilot, gombo tano ambazo kila moja ina sikukuu yake ya kusomwa sinagogi, Wimbo Ulio Bora wakati wa Pasaka, Ruthu sikukuu ya Majuma, Maombolezo siku ya kuombolezea hekalu, Mhubiri sikukuu ya Vibanda, Esta siku ya Purimu. Kwa Myahudi ni kundi moja, zinachapwa pamoja, zinaenda na mwaka. Kwa Dewey: Ruthu 222.35, Esta 222.9, Mhubiri 223.8, Wimbo 223.9, Maombolezo 224.3. Kundi limevunjwa vipande. Na hilo jina la Agano la Kale lililowekwa juu ya shelfu ya 221 Myahudi halitumii, kwake hakuna jipya la kulifanya la kwanza liwe la kale.

LC nayo usidhani imepona. Talmudi ina seder, yaani mafungu, sita na ndani yake vitabu 63 vya Mishna, zile sheria za mapokeo ambazo Talmudi inazijadili, kila mwanafunzi wa yeshiva, chuo chao cha dini, anajua vinaanza na Berakhot, sheria za sala, ndo mlango wa kuingilia. LC imeviweka kwenye BM506 kwa alfabeti ya Kilatini, kwahiyo Avot ambayo iko seder ya nne inakuja mbele, Berakhot inasubiri. Ni sawa na kupanga juzuu za Msahafu kwa alfabeti, mtu aliyezihifadhi toka utotoni atasimama mbele ya shelfu ajione mgeni.

Na hapa niseme la kwangu. Kwenye maktaba niliyofanya kazi kulikuwa na shehe mmoja anakuja kila Alhamisi. Namba zilikuwa zinaangukia vibaya, tafsiri za Kurani na misahafu inakaa shelfu ya chini kabisa, karibu na sakafu, juu yake kuna vitabu vya hekaya na dini za kale za Wagiriki. Shehe akiondoka, Ijumaa asubuhi nakuta misahafu yote imepandishwa shelfu ya juu, imefutwa vumbi, imepangwa. Mi narudisha chini kufuata namba. Wiki inayofuata hivyohivyo. Siku moja akanikuta nairudisha, hakukasirika, akaniambia, "Mwanangu, hiyo namba yako inajua kuhesabu ila haijui adabu." Nilikuwa kijana, nikamjibu ni utaratibu. Miaka baadae nikaja kusoma kwamba Wayahudi wana kanuni hiyohiyo, imo kwenye Talmudi, Megila 27a: gombo la Torati unaweza kuliweka juu ya Manabii, ila Manabii huwezi kuyaweka juu ya Torati. Kwao vitabu vina vyeo, na anayevipanga analo jukumu la kulinda vyeo hivyo. Nikamkumbuka yule mzee.

Kwahiyo watu wakatengeneza za kwao. Maktaba ya Umma ya New York ilifungua kitengo cha Kiyahudi mwaka 1897, na mkuu wake Abraham Freidus akatunga mpango wake wenye vifungu mamia. Jerusalem, kijana wa Berlin anaitwa Gershom Scholem, huyuhuyu aliyekuja kuwa mtaalamu mkubwa wa kabala, alifika 1923 akaajiriwa maktaba ya taifa kwenye vitabu vya Kiebrania, na mwaka 1927 ukachapwa mpango wake. Scholem hakumtupa Dewey. Alichukua mifupa ya Dewey akaijaza nyama ya Kiyahudi, akapanua zile sehemu zilizobanwa mpaka zikaweza kubeba mkusanyiko wa taifa zima, na maktaba ile imeendelea kuutumia kwa vizazi. Marekani, Mae Weine akatengeneza toleo lililorahisishwa kwa ajili ya maktaba ndogo za sinagogi, nalo linafuata sura ya Dewey.

Waliovunja nyumba na kujenga upya ni ndugu wawili, David na Daniel Elazar, Daniel ni yule mwanasayansi wa siasa. Mpango wao ulichapwa Detroit 1968 na toleo la tatu likatoka 1997. Wakachukua namba zote 001 mpaka 999 wakazifanya za Kiyahudi tupu. Inaanza Biblia, 100 ni Talmudi, midrashi, yaani ufafanuzi wa kale wa marabi juu ya Biblia, na sheria, 200 ibada na maisha ya kila siku, 300 elimu, 400 Kiebrania na lugha nyingine za Wayahudi, 500 fasihi, 600 jamii na sanaa, 700 historia, 800 Israeli na Uzayuni, ile harakati ya Wayahudi kutafuta nchi yao, 900 mambo ya jumla. Hebu tembea kichwani kwenye shelfu hizo. Unaanza na Torati, unapita kwenye ufafanuzi wake, unafika kwenye namna ya kuiishi, kisha namna ya kumfundisha mtoto, lugha, hadithi, jamii, historia. Mtu hajafungua kitabu hata kimoja na ameshafundishwa kitu. Mi naiona ni kazi nzuri mno na nasema bila kusita.

Lakini sasa, upande wa pili una hoja nzito na wanaozisema wengi ni Wayahudi wenyewe, wakutubi wa kazini, sio watu wasiojali.

Ya kwanza ni kazi. Mkutubi wa leo kitabu kikifika mezani anaingia kwenye hifadhidata ya pamoja, anavuta rekodi ambayo mwenzake wa mbali ameshaitengeneza, na humo ndani namba ya LC imo kwenye kifungu cha 050, ya Dewey kwenye 082, ananakili, anabandika stika, dakika chache kitabu kipo kwenye shelfu. Namba ya Elazar kwa kawaida haimo. Kwahiyo kila kitabu lazima mtu aketi akifungue, asome utangulizi, aamue, aandike namba kwa mkono. Na maktaba nyingi za sinagogi zinaendeshwa na mtu mmoja wa nusu siku au akina mama waliostaafu wanaojitolea. Huyo mama akiugua, vitabu vinarundikana kwenye maboksi. Kitabu kilichopo kwenye boksi kwa sababu hakuna wa kukipa namba sahihi ya Kiyahudi hakimsaidii Myahudi yeyote.

Ya pili ni nani anautunza mpango. Dewey ina taasisi nyuma yake, OCLC, ina wahariri wanaolipwa, kukitokea jambo jipya wanaongeza namba. Mpango wa nyumbani unategemea waliouzaa. Daniel Elazar alifariki 1999. Mada mpya zinazokuja baada ya hapo nani anaamua ziende wapi? Kila maktaba inaamua kivyake, na baada ya miaka ishirini maktaba mbili zote zinasema tunatumia Elazar ila kitabu kimoja kina namba mbili tofauti. Hapo ule umoja ulioutafuta umeupoteza.

Ya tatu, na hii huwa inasahaulika, sistimu za dunia nzima zinabadilika ukizisukuma. Toleo la 21 la Dewey la mwaka 1996 lilifumua 296 na 297 likazitengeneza upya. Ule mpango mwingine wa desimali unaotumika sana Ulaya, UDC, mwaka 2000 ulibomoa sehemu nzima ya dini, leo Uyahudi ni 26, Ukristo 27, Uislamu 28, wanalingana. LC wamefungua KBM kwa ajili ya sheria ya Kiyahudi ndani ya fungu la sheria, kama walivyofungua KBP ya sheria ya Kiislamu, ili halakha, ndo hiyo sheria yao, isihesabiwe ni ibada tu. (Hiyo nayo imezua ubishi wake, maana sasa kitabu cha halakha kinaweza kwenda BM520 au KBM na wasomaji walewale wanatafuta pande mbili.)

Na kuna Sanford Berman, ambaye habari yake inapita kwetu. Huyu alikuwa mkutubi wa Kimarekani anafanya kazi Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, mwishoni mwa miaka ya 60, na ni huko ndo akagundua kichwa cha mada cha LC, yaani maneno ya kwenye kadi yanayosema kitabu kinahusu nini, kilichosema "Kafirs" kwa watu weusi wa kusini mwa Afrika ni tusi linalouma, watu wa huko wakalisikia kama tusi na yeye alikuwa analiandika kwenye kadi kila siku. Akaanza kuchambua vichwa vyote, na kitabu chake cha 1971 kikashambulia pamoja na mengine kile kichwa cha "Swali la Wayahudi", akasema hiyo ni lugha ya waliowaona Wayahudi kama tatizo la kutatuliwa. Baada ya Lusaka alifanya kazi Makerere pia. Kile kichwa cha "Swali la Wayahudi" kilikuja kuondolewa. Mtu mmoja, maneno machache kwenye kadi, na faida ikafika kila maktaba inayonakili LC. Angejitengea mpango wake mzuri huko pembeni yale maneno yangeendelea kuchapwa kwenye kadi za dunia nzima.

Kuna jambo lingine ambalo mi binafsi limenisumbua. Kujitenga kunaweza kukuficha. Chukua Maangamizi ya Wayahudi chini ya Manazi. Dewey anayaweka 940.5318, ndani ya Vita Kuu ya Pili, LC D804.3, humohumo. Wapo wanaosema hapana, hii sio sura ya vita, ni historia ya watu wenyewe, ikae na historia ya Wayahudi, na kwenye maktaba ya sinagogi nakubaliana nao kabisa. Ila kwenye maktaba ya umma nafikiria yule kijana aliyeenda kutafuta kitabu cha vifaru na ndege za kivita, mkono wake ukagusa kitabu cha pembeni akakutana na kambi za mauaji bila kutegemea. Ukikihamishia kwenye chumba cha Wayahudi huyo kijana hatakwenda huko. LC yenyewe haijajiamulia, shajara ya Anne Frank imewekwa DS135 na historia ya Wayahudi wa Uholanzi, wakati historia za jumla za Maangamizi ziko D804. Naona kuna ukweli pande zote mbili na sitaki kujifanya nimeutatua.

Lugha nayo. Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kwa asili yake ni ya ukoo wa Kijerumani ila inaandikwa kwa herufi za Kiebrania na imebeba maneno mengi ya Kiebrania. Dewey ameiweka na Wajerumani, 439.1. LC imeiweka PJ pamoja na Kiebrania. Nani yuko sahihi? Sisi Waswahili swali hili tunalijua vizuri. Kiswahili kimeandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, kimejaa maneno ya Kiarabu, na watu wengi wamewahi kusema basi hicho ni Kiarabu kilichochanganywa, wakati sarufi yake inapiga kelele Kibantu, na Dewey hapo katutendea haki, 496.392, tupo na ndugu zetu. Kwa hesabu hiyohiyo Kiyidi kingebaki na Wajerumani. Lakini alafu nafikiria mtu ambaye bibi na babu yake walizungumza Kiyidi Vilna au Warsaw wakauawa na Wajerumani, anakuja maktaba kutafuta mashairi ya lugha ya bibi yake, anaambiwa aende shelfu za Kijerumani. Mwanaisimu yuko sahihi na huyo mjukuu naye anauliza jambo la haki. Elazar walimpa mjukuu, 400, lugha za Wayahudi zote pamoja, Kiyidi, Kiladino na nyingine. Kwenye maktaba yao nisingebadilisha.

Kuna vitu hata mpango mzuri vipi haufiki. Mrabi Israel Meir Kagan aliandika mwaka 1873 kitabu cha sheria za kuchunga ulimi, akakiita Chafetz Chaim, na watu wakaacha kumwita jina lake, mpaka leo yeye mwenyewe anaitwa Chafetz Chaim. Desturi yao ni hiyo, kitabu kinammeza mwandishi, kama vijana wa madrasa pwani wanavyokwambia "nimesoma Safina" na mwandishi hawamkumbuki. Kanuni za kukatalogi za Magharibi zinaanza na mwandishi, kwahiyo herufi ya stika inatoka kwenye jina la mwandishi, na msomaji anazunguka kwenye C. Hapo hata ukiwa na Elazar bila rejea ndani ya katalogi umempoteza mtu.

Mi nimefika hapa: rekodi iwe ya dunia nzima, shelfu iwe ya wenye nyumba. Tulizoea kufikiri ni kitu kimoja kwa sababu enzi za kadi ilikuwa hivyo, namba iliyokuwa kwenye kadi ndo iliyokuwa mgongoni. Kompyuta imevitenganisha. Rekodi inaweza kubeba Dewey, LC na Elazar kwa pamoja kwenye vifungu vitatu, maandishi ya Kiebrania yakakaa kwenye kifungu cha 880 yanasomeka kulia kwenda kushoto, mtu wa Chicago na mtu wa Haifa wakakipata kitabu hichohicho. Shelfu ndo haiwezi, kitabu kina mwili mmoja kinakaa sehemu moja, kwahiyo hapo lazima uchague, na swali la kuchagulia ni moja, nani anatembea kwenye chumba hiki? Chuo kikuu chenye vitabu milioni na wanafunzi wa kila aina, tumia LC, ila pigania kuirekebisha kama Berman. Sinagogi au shule yenye vitabu elfu tano na watoto wanaojifunza wao ni akina nani, tumia Elazar, na ukiwa huna nguvu ya watu chukua njia ya Scholem au Weine, namba ya Dewey iliyopanuliwa, ili siku ukikwama uweze kunakili. Anayeniambia watoto watashindwa maktaba nyingine, mbona wanajua njia za nyumbani kwao na za mjini na hawapotei.

Hata hivyo vipo vitabu vitakavyokukwamisha popote ulipo. Mwaka 1903 Uingereza iliwapa Wazayuni ofa ya ardhi Afrika Mashariki. Dunia inaiita mpango wa Uganda, ila ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya, kuzunguka Eldoret. Kongamano la Wazayuni mjini Basel likapiga kura 295 kwa 178 kupeleka tume, tume ikaja ikaona, na mwaka 1905 wakakataa. Kitabu cha habari hiyo kwa Elazar kinaenda 800 na Uzayuni. Msomaji wa Eldoret hata siku moja hataenda kwenye Uzayuni kutafuta historia ya shamba la babu yake, ataenda 967.62, historia ya Kenya. Ningekuwa na nakala moja tu Jerusalem ningeiweka 800, nikiwa nayo Eldoret ningeiweka 967.62, na kote kuwili ningechukua kipande cha ubao, nikiandike "kipo, tazama kule" na namba ya pili, nikisimamishe kwenye ile nafasi ambayo kitabu hakipo, saizi ya kitabu chenyewe, ili mkono wa anayetafuta ukutane nacho.